Mwache Atandike Punda Wake



Leo naomba usipite haraka. Najua ni asubuhi na una matatu ya kukimbilia, lakini kama nyumbani kwako, au kwa dada yako, au kwa jirani wa mlango wa pili kuna mtoto mwenye mahitaji maalum, tafuta dakika kumi usome hii hadi mwisho.

Jumapili iliyopita baada ya ibada mama mmoja alibaki. Watu walikuwa wameshatoka, vijana wanapanga viti, na yeye akaja mbele amemshika binti yake mkono. Binti ana miaka 13. Alizaliwa na sindromu ya Down, na kanisani kila mtu anamjua kwa sababu yeye husalimia kwa kukumbatia, awe mwenyeji awe mgeni. Nikadhani mama anataka maombi ya uponyaji kama siku nyingine. Akainama karibu na sikio langu, binti asisikie, akasema: "Mtumishi, niombee kitu kimoja tu. Mungu amchukue huyu kabla yangu."

Nimekuwa pasta miaka 19. Nimeombea watu mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa. Lakini hilo sikuweza kulitilia Ameni. Nikamuuliza, Mama, kwa nini? Nilifikiri atasema amechoka. Hakusema amechoka. Alisema, "Nikitangulia mimi, nani atamvalisha?"

Nikauliza kama binti hawezi kuvaa mwenyewe hata kidogo. Akanitazama kama mtu niliyeuliza swali la ajabu. "Sijawahi kumwacha ajaribu, Pasta. Mimi ndiye mikono yake."

Alilisema kwa fahari, na ni haki yake. Miaka 13 hajachoka, hajamficha mtoto, hajamwacha kwa nyanya kijijini akaenda kutafuta maisha. Lakini maneno hayo yalinichoma, maana nimekulia ndani yake. Wacha nikueleze.

Sisi tulikuwa watoto sita, na kitinda mimba wetu alizaliwa kwa shida, nyumbani, akachelewa kulia. Akachelewa kutembea, akachelewa kusema. Wakati huo hakuna aliyetupa jina la hali yake. Watu walisema ni mtoto wa Mungu, basi. Mama alimpenda kuliko pumzi yake. Alimwogesha, akamlisha, akamvalisha, akamfunga viatu. Akinyoosha mkono kuchukua kikombe cha chai, Mama alimnyang'anya: "Wacha, utajichoma." Nasi ndugu zake tukajifunza vivyo hivyo. Tulimbebea kila kitu tukadhani huo ndio upendo, na kwa kweli ulikuwa upendo. Sitaki mtu asome hapa akasema pasta anamlaumu mama yake aliyelala.

Mama alilala mwaka wa 2017. Ndugu yangu alikuwa na miaka 30. Usiku wa siku ya mazishi jamaa walitawanyika, mvua ikanyesha, sisi wakubwa tukabaki sebuleni tukihesabu madeni ya arusi na matanga kama watu wanavyofanya. Asubuhi nilipoingia chumbani nilimkuta ameketi kitandani, na suti yake ya mazishi, na viatu miguuni vina matope. Hakuwa amelala. Alikuwa anangoja mtu amvue viatu.

Usiku kucha, mpendwa. Alikuwa amefiwa na mama, na alikuwa amefiwa na mikono yake, siku moja.

Nilimleta hapa Nakuru tukae naye. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa maombi, nikafunga siku tatu nikimwomba Bwana atende muujiza. Mama Pasta ni mwalimu wa chekechea. Alinisikiliza hadi mwisho akasema, "Sawa, wewe funga. Mimi nitaanza na viatu."

Viatu vilichukua karibu mwezi. Na mimi ndiye niliyeharibu katikati. Asubuhi moja tulikuwa tumechelewa ibada, gari liko nje linanguruma, yeye ameketi kwenye kiti kidogo anapigana na kiatu cha kushoto. Nikainama, nikakichukua, nikakivalisha kwa sekunde tano. Mama Pasta hakuniambia kitu mpaka tulipofika barabarani. "Umemwonyesha kwamba akingoja kidogo, utakuja." Nilihubiri vibaya siku hiyo.

Sasa nikupeleke kwenye Neno. Mefiboshethi tunampenda sana sisi wahubiri. Mwana wa Yonathani, alikuwa na miaka mitano yaya wake alipokimbia naye habari za vita zilipofika, akaanguka, akawa kiwete wa miguu yote miwili. Iko 2 Samweli 4. Kisha sura ya 9 Daudi anamtafuta, anamtoa Lo-debari, anamketisha mezani pa mfalme. Hapo tunahubiri na watu wanasimama na kupiga vigelegele. Mimi mwenyewe nimehubiri meza hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Lakini ni wangapi kati yetu wameendelea mpaka sura ya 16 na 19? Absalomu anaasi, Daudi anatoroka Yerusalemu. Siba, mtumishi aliyewekwa kumtunzia Mefiboshethi mashamba, anakuja na punda na mikate na divai, anamwambia mfalme kwamba bwana wake amebaki mjini akitumaini kurudishiwa ufalme. Mfalme anaamini, anampa Siba mali yote palepale. Daudi anaporudi, Mefiboshethi anatoka kumlaki, hajaosha miguu wala nguo, hajatengeneza ndevu tangu mfalme aondoke, na anasema ukweli wake: nilitaka kutandika punda nije nawe, maana mimi ni kiwete, na mtumishi wangu akanidanganya. Kilichorudi ni nusu ya shamba.

Soma tena polepole. Mtu huyu alikuwa na meza ya mfalme. Alikuwa na ardhi, alikuwa na jina, alikuwa na mwana anayeitwa Mika. Alichokosa siku ya hatari ni punda aliyetandikwa. Kila siku nyingine kulikuwa na Siba, na siku moja Siba akaamua kuwa na mpango wake.

Wazazi wangu, meza tumewapa watoto wetu. Tunawalisha vizuri, tunawavalisha vizuri Jumapili, tunawapenda. Nani anawafundisha kutandika punda?

Utaniuliza, Pasta, unaanzia wapi? Mimi si mtaalamu, mimi ni mhubiri aliyefundishwa na mke wake. Lakini nimeyaona haya kwa macho.

Anza na jambo moja. Usijaribu kumfundisha kuvaa na kuoga na kula na kwenda choo wiki moja, mtachoka wote wawili. Chagua lile ambalo lingekupunguzia machozi zaidi, au lile ambalo mtoto mwenyewe anaonyesha analitaka. Kisha livunje vipande. Wewe unaona "kuvaa suruali" ni kitendo kimoja kwa sababu umeifanya miaka 40. Kaa chini uhesabu: kuigeuza mbele iwe mbele, kuketi, kuingiza mguu wa kwanza, kuingiza wa pili, kuvuta hadi magoti, kusimama, kuvuta hadi kiunoni. Ni kazi nyingi hizo.

Na hapa ndipo Mama Pasta alipoushangaza moyo wangu: anaanza na mwisho. Anamvalisha mtoto suruali hadi magotini, kisha anamwachia kipande cha mwisho tu, kuvuta juu. Mtoto akivuta, amemaliza. Yeye ndiye aliyemaliza, unaelewa? Ukianza na mwanzo, mtoto anajaribu, anashindwa, na mama ndiye anayemalizia kila siku. Ukianza na mwisho, kila siku mtoto anaonja ushindi. Akikizoea kipande hicho, unarudi nyuma kimoja. Kwa soksi, unaivuta hadi kisigino kimepita, yeye anamalizia kuipandisha. Kwa shati, unafunga vifungo vyote ila cha mwisho.

Jambo lingine ambalo sikulijua: kuvua ni rahisi kuliko kuvaa. Kwa hiyo wewe mama unayeuza mboga sokoni, unayeamka saa kumi, usinung'unike kwamba asubuhi huna muda. Ni kweli huna, na sitakudanganya kwamba unao. Anza jioni. Jioni hakuna basi la shule. Mwache avue soksi zake, hata ikichukua muda wa taarifa ya habari yote.

Badilisha vitu pia, usimbadilishe mtoto peke yake. Kamba za viatu zinashinda hata watu wazima, nunua vile vya kubandika. Zipu funga kipande cha kamba pale pa kushika. Fulana weka alama ndani ya shingo ya nyuma ajue mgongo uko wapi. Jerikeni ya lita 20 hawezi, lakini ya lita 5 iliyojazwa nusu anaweza kubeba kutoka bombani, na siku atakayoibeba usimpokee mlangoni. Kuoga, weka kiti kifupi kando ya karai asianguke. Na picha ukutani, hata ulizochora kwa biro, za mswaki na sabuni na taulo kwa mfuatano, zinamsaidia mtoto asiyefuata maneno mengi. Mtoto mwenye usonji hasa anaweza kutulia akijua kitakachofuata.

Kisha nyamaza. Hili ndilo gumu kwetu Wapentekoste, tumezoea kusema. Ukimwambia "vuta," subiri. Usiseme tena "vuta, vuta, si nimekuambia vuta." Hesabu kimya moyoni hadi kumi, na kwa mtoto mwingine hadi thelathini. Maneno yanachukua muda kufika. Weka mikono yako nyuma ikibidi, mimi ndivyo ninavyofanya, naonekana kama askari kanjo anayekagua soko.

Ndugu yangu leo anaoga mwenyewe, anatandika kitanda, anachemsha chai na kuimimina kwenye thermosi. Kuhesabu pesa bado ni shida, lakini anajua rangi. Noti mpya zilizotoka 2019 zimetusaidia: ya zambarau ni mia, ya samawati ni mia mbili, ya kijani ni mia tano. Anajua ya zambarau inatosha maziwa ya dukani na kwamba lazima arudi na chenji, na mwenye duka humwandikia kwenye karatasi. Mara moja alidanganywa, na mtu mwingine kabisa, njiani. Tulihuzunika, jamaa wakatuambia tuache kumtuma. Siku iliyofuata akatumwa tena. Mimi pia nimewahi kudanganywa pesa, mpendwa, na hakuna aliyenifungia nyumbani.

Niseme na jambo zito, na watoto wakiwa karibu usilisome kwa sauti. Mtoto anayevuliwa nguo na kila mtu, leo mama, kesho shangazi, keshokutwa msichana wa kazi, na jirani siku mama amechelewa, mtoto huyo anajifunza kwamba mwili wake ni wa kila mtu. Akikua, akija mtu mbaya, hataona tofauti. Hatapiga kelele, kwa sababu hajawahi kuambiwa kwamba kuna mahali pa kupiga kelele. Nimeketi na familia mbili katika huduma yangu zilizopitia hilo na sitaki kuketi na ya tatu. Kumfundisha binti kuoga mwenyewe na mlango umefungwa, kumfundisha kubadilisha pedi yake mapema kabla hedhi haijamtisha, kumwita kila kiungo kwa jina lake la kweli, huo ni ulinzi. Na yule binti wetu anayekumbatia kila mgeni kanisani, ambaye sisi sote tunacheka na kusema ana upendo wa Yesu? Ana miaka 13. Tumfundishe kusalimia kwa mkono. Ninyi wanaume wa kanisa langu mnaosoma hapa, nyoosheni mkono kwanza, mbali kidogo.

Sasa wahubiri wenzangu, mnisamehe, au msinisamehe. Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu walimuuliza Yesu nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake, na Yesu akalikataa swali lote, Yohana 9. Miaka elfu mbili baadaye bado tunaliuliza kwenye mimbari zetu, tumelivalisha tu jina la laana ya ukoo. Tunamtoa mama mbele, tunamtingisha mtoto wake, na mama anarudi nyumbani na aibu mara mbili. Na kuna tunaowaambia wazazi kwamba kumpeleka mtoto hospitali kufundishwa kutumia mikono ni kukosa imani. Mimi niliwahi kusema hivyo, 2009, nikiwa nimetoka chuo cha Biblia na moto mwingi kuliko maarifa. Yule baba alinisikiliza, akaacha kwenda kliniki. Baadaye nilimtafuta nikamwomba msamaha. Alinisamehe, lakini miaka ile ya mtoto haikurudi.

Naamini uponyaji. Nimeuona. Nitaendelea kuweka mikono juu ya wagonjwa mpaka nife. Lakini Bartimayo alipofika mbele ya Yesu, aliulizwa anataka nini, ingawa kila mtu aliona ni kipofu. Hakuna aliyemjibia. Sisi tunamuuliza mama, "Atakunywa soda?" na mtoto amesimama pale ana masikio mawili.

Kuna mzazi anasoma hapa anasema, Pasta, wangu ana mtindio wa ubongo mkali, haketi, hasemi, atavaa suruali gani? Nakusikia. Kwako sisemi suruali. Kwako nasema: mwonyeshe shati nyekundu na ya buluu, ungoje macho yake yaende wapi, umvalishe ile aliyoitazama. Mwache ashike kitambaa unapomfuta mdomo, mkono wako juu ya wake. Jua sauti yake ya kiu na uifundishe nyumba nzima, isiwe siri yako peke yako, ili siku haupo asife kiu mbele ya watu wanaompenda. Hata hapo kuna kipande ambacho ni chake.

Na usibaki peke yako. Hapa Kenya vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalum vilianza 1984, viko chini ya Wizara ya Elimu, ulizia ofisi ya elimu iliyo karibu nawe. Hospitali kubwa za kaunti zina wataalamu ambao kazi yao yote ni kumfundisha mtu kula, kuvaa na kutumia mikono. Mtaala wa CBC una njia ya hatua ya watoto wasiofuata madarasa ya kawaida, na shughuli za maisha ya kila siku zinafundishwa humo kama somo, kwa hiyo mwalimu akimfundisha mtoto wako kupiga mswaki hapotezi muda. Muulize wiki hii wanafundisha nini, ufanye hicho hicho nyumbani. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu atendewe kwa heshima. Foleni zitakuwepo, na barua za kurudi kesho zitakuwepo, hilo sikufichi. Nenda na jirani.

Kanisani kwetu tumeanza kidogo. Kuanzia mwezi huu watoto watano watagawa bahasha za sadaka mlangoni. Wengine watazigawa polepole na mstari utakuwa mrefu, na mmoja anaweza kuziangusha zote. Zikianguka, naomba wazee wa kanisa msikimbie kuziokota. Kama hutaki kusimama kwenye mstari, fika mapema.

Yule mama sikumwombea alichoomba. Tuliomba kingine, yeye, mimi na binti, na binti akasema Ameni kwa nguvu kuliko sisi. Kisha Mama Pasta akaketi naye chini, wakakubaliana juu ya soksi.

Jumatano usiku nikampigia simu kuuliza hali. Iliita muda mrefu. Aliposhika alikuwa ananong'ona. "Pasta, ngoja kidogo. Nimesimama hapa mlangoni. Ya kushoto imepanda, anatafuta ya kulia." Nikasikia nyuma yake mtoto akihema na kucheka. "Ni dakika ya kumi na mbili sasa," akasema, "na mikono inaniwasha."

Nikamwambia aiweke nyuma, nikakata simu.